Jinsi ya kutengeneza sensa (kihisi) ya kiatu ya kuhesabu mwendo, isiyo na betri, hatua kwa hatua

Mama mdogo wangu yuko Tanga, ana sukari, na kliniki walimwambia atembee nusu saa kila siku. Tukachanga tukamnunulia saa ya mkononi ya kuhesabu hatua. Wiki ya kwanza kila jioni ananipigia, "leo nimefika elfu nne mwanangu", wiki ya pili anapiga siku moja moja, wiki ya tatu kimya. Nilivyoenda kumsalimia nikaikuta saa kabatini chini ya vitenge, chaji imeisha na waya wa chaja kauchukua mjukuu kachajia spika. Kutembea alikuwa anatembea, ila kuchaji ndo kulikomshinda, na simlaumu, mtu wa miaka 67 ana mambo mengi ya kukumbuka kuliko waya.

Basi hapo ndo nikaanza kufikiria kitu kisichochajiwa kabisa, kinachokula nguvu za yule anayetembea. Nimehangaika nacho miezi kadhaa, sasa kinafanya kazi, na naandika hapa ili anayetaka kujaribu asirudie makosa yangu.

Jambo kubwa nililojifunza naliweka mwanzoni kabisa: usitengeneze chombo cha kupima halafu ndo uanze kukitafutia umeme. Kwenye kiatu, umeme wenyewe ndo kipimo. Kila kisigino kikikanyaga kinazalisha chaji kidogo inayokaribiana siku zote, kwa hiyo ukihesabu kapasita (kifaa kidogo cha kutunza chaji) imejaa mara ngapi umeshajua mtu kakanyaga mara ngapi. Huhitaji sensa ya mwendo, huhitaji saa ya ndani, huhitaji betri.

Kwanza piga hesabu, usikimbilie kununua

Watu wengi wakisikia kiatu cha umeme wanauliza kama kitachaji simu. Hakitachaji, na ni vizuri ujue kwa nini. Mwaka 1998 watafiti wa MIT Media Lab kule Marekani, akiwemo Joseph Paradiso, waliweka vipande vya piezo, yaani vitu vinavyotoa umeme vikikandamizwa au kukunjwa, ndani ya raba na kiatu kikawa kinarusha namba yake ya utambulisho kwa redio mtu akitembea. Kwenye vipimo walivyochapisha baadaye, kipande cha plastiki ya piezo kilitoa wastani wa miliwati 1.3, na cha kauri kwenye kisigino kilitoa miliwati 8.4 kwa mwendo wa kawaida. Sasa chukua simu ya betri ya 4000 mAh, hiyo ni karibu juli 55,000 za nishati. Gawanya kwa miliwati 8.4 unapata zaidi ya siku 75 za kutembea usiku na mchana bila kukaa chini, na hapo nimehesabu kama vile hakuna kinachopotea njiani.

Ila kurusha ujumbe mmoja mfupi wa Bluetooth, ule wa kujitangaza tu bila kuunganishwa na simu, kunahitaji makumi ya mikrojuli, yaani makumi ya sehemu za milioni za juli moja. Hiyo inawezekana. Ndo maana nasema huu mradi ni wa kurusha neno moja kila baada ya muda, na ukiulazimisha kufanya zaidi utavunjika moyo bure.

Swali lingine naulizwa, kwa nini nisitumie joto la mwili, kwamba zipo saa zinazoendeshwa na joto la mkono. Zipo kweli, Seiko walitoa ya kwao mwaka 1998. Lakini kinacholeta umeme pale ni tofauti ya joto kati ya ngozi na hewa, na ngozi ya mkono iko kwenye nyuzi 32 mpaka 34 hivi. Ukiwa Ulaya kwenye baridi tofauti ni kubwa. Ukiwa Tanga mwezi wa pili, hewa yenyewe iko 32, unabaki na nini? Mtu wa Makete au Limuru asubuhi anaweza kujaribu, sisi wa pwani tuachane nalo. Jua nalo lina nguvu kuliko vyote, kipande kidogo cha sola juani kinaishinda piezo mbali sana, ila mama mdogo anatembea alfajiri baada ya swala na anavaa baibui la mikono mirefu, sola ingekaa gizani muda wote. Kwa hiyo angalia mvaaji kwanza. Kwangu mimi jibu lilikuwa kisigino.

Vitu vya kutafuta

Diski nne za piezo za milimita 35. Hizi ni zile sahani nyembamba za shaba ya njano zenye duara jeupe la kauri katikati, zimo kwenye kengele za getini, kwenye alamu, kwenye midoli inayolia, ndogo zake zimo hata kwenye kadi za bethidei zinazoimba. Maduka ya vifaa vya elektroniki Kariakoo wanazo na ni bei ndogo, nunua kumi maana utavunja. Tabia yake ya kutoa umeme ikikandamizwa iligunduliwa na ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880 huko Paris, na tangu hapo kanuni ni ile ile, ukikunja kauri chaji zinajitenga, ukiiachia zinarudi upande wa pili.

Dayodi (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) 16 za 1N4148, kapasita moja ya mikrofaradi 100 ya volti 25, ubao mdogo wenye chipu ya LTC3588-1 ya kusimamia umeme (kazi yake iko hatua ya tano), na ubao mdogo wa nRF52832 ambayo ni chipu ya Bluetooth ya kampuni ya Nordic. Mita ya kawaida ya kupimia. Pasi ya kulehemu yenye ncha nyembamba. Rangi ya kucha, ndala chakavu, mfuniko wa ndoo ya rangi. Na fundi viatu mmoja mwenye subira.

ESP32, ile chipu maarufu ya waifai, usiitumie hapa hata kama unayo mezani. Ikiwasha waifai inakunywa zaidi ya miliampia 100, kapasita yako itaisha kabla haijamaliza hata kuamka.

Hatua ya kwanza: kulehemu diski bila kuziua

Kwenye shaba hakuna shida. Shida ni kwenye lile duara jeupe, juu yake kuna utando mwembamba sana wa fedha na ukikaa na pasi sekunde nne tano unabanduka kama ngozi ya kitunguu, na joto likizidi kauri yenyewe inapoteza nguvu, inabaki sahani tu. Paka lehemu kwenye waya kwanza, gusisha kwenye fedha karibu na ukingo, sekunde moja na nusu, toa, puliza. Tumia waya laini wa nyuzi nyingi, ule mgumu wa uzi mmoja utakatika ndani ya siku mbili kwa sababu ya kukunjwa kunjwa.

Tafadhali, ile kauri ina madini ya risasi ndani yake. Usiipige msasa, ikivunjika okota vipande vyote, nawa mikono, na watoto wasichezee.

Ukimaliza weka mita kwenye volti DC, shika diski kwa vidole gumba viwili uikunje kidogo sana. Utaona namba inaruka juu halafu inazama, ukiachia inaruka kwenda hasi. Ndo yenyewe hiyo.

Hatua ya pili: kitanda cha diski

Hapa ndo nilipoteza muda mwingi kuliko sehemu zote, na ndo penye siri ya mradi. Mara ya kwanza nilibandika diski bapa chini ya soli ya ndani, nikatembea, nikapata umeme kiduchu wa kusikitisha. Sababu ni kwamba diski haitaki kugandamizwa, inataka kukunjwa. Ikilala bapa juu ya kitu kigumu uzito wa mtu mzima unaikandamiza tu na haikunjiki.

Kata pete kwenye mfuniko wa ndoo, upana wa nje milimita 36, tundu la ndani 28 hivi, ili diski ikalie ukingo wake tu na katikati kuwe na nafasi. Juu, katikati kabisa ya diski, bandika kidonge cha mpira wa ndala chenye upana wa kama punje ya hindi. Kisigino kikishuka kinasukuma kidonge, kidonge kinasukuma katikati ya diski, diski inabonyea. Ila isibonyee zaidi ya nusu milimita, ikizidi utasikia "tik" na ndo basi, imepasuka. Kwa hiyo chini ndani ya lile tundu weka kipande cha mpira wa ndala uliokatwa mwembamba, kiwe sakafu ya kuizuia. Mimi nilikuwa nakata kwa wembe na kupima kwa kadi ya simu ya zamani, unene wa kadi moja ni nafasi nyingi, nikawa naongeza karatasi ya daftari chini mpaka diski iache kulia.

Nilipobadilisha hivyo tu, kutoka kulala bapa mpaka kukalia pete, kiatu kile kile, mguu ule ule, umeme ulipanda mara kadhaa. Usiendelee na hatua nyingine mpaka hii ikae sawa.

Hatua ya tatu: dayodi, na hapa usidanganywe

Umeme wa piezo unaenda mbele na kurudi nyuma, lazima unyooshwe. Kila diski mpe daraja lake la dayodi nne, halafu zile pande chanya zote unganisha pamoja na hasi zote pamoja. Ukiunganisha diski moja kwa moja zenyewe kwa zenyewe kisha daraja moja, zile zinazochelewa kukanyagwa zitakula umeme wa zinazowahi, maana kisigino hakishuki chote kwa mpigo mmoja.

Maelekezo mengi utakutana nayo yanasema tumia dayodi za Schottky kama 1N5817 kwa sababu zinapoteza volti kidogo. Nikazitumia. Kapasita ikawa inapanda mpaka karibu volti tatu inagoma hapo, nikatembea chumbani mpaka jirani wa chini akagonga, haipandi. Kumbe zile dayodi zinavuja kinyumenyume, na uvujaji unaongezeka kwenye joto, na ndani ya kiatu ni joto. Kwenye sola yenye miliampia za kumwaga uvujaji huo huuoni, lakini hapa unakusanya mikroampia tatu tu za wastani, tundu dogo linamaliza ndoo. 1N4148 inapoteza volti kama 0.6 ndio, lakini diski inatoa makumi ya volti hivyo hiyo 0.6 haiumi, na kurudisha nyuma hairudishi karibu kitu. Nikabadilisha zote 16 usiku huo huo, na kabla ya kulala kapasita ilishapita volti tano.

Hatua ya nne: kapasita

Kwa sababu hiyo hiyo kapasita nayo uichuje. Ijaze kwa volti 5, iache imeshika chaja dakika kumi, chomoa, subiri dakika tano, gusa mita haraka usome. Ikiwa imeshuka chini ya 4.5 achana nayo chukua nyingine. Na usiiache mita imeunganishwa wakati unasubiri, mita nyingi zina megaohmu 10 ndani, kwa volti tano zinakunywa nusu mikroampia, ni wizi mkubwa kwa mradi huu. Mimi nilichukua ya volti 25 ingawa natumia volti tano kwa sababu ikifanya kazi chini ya uwezo wake inavuja kidogo zaidi.

Sasa funga diski nne na kapasita, vaa kiatu, hesabu mikanyago 30 ya mguu huo mmoja, soma. Kwangu kapasita ya mikrofaradi 100 inapanda kama volti moja kwa mikanyago 30. Andika namba yako mahali, tutaitumia.

Hatua ya tano: chipu ya mlango

LTC3588-1 kazi yake ni ya bawabu. Ukiiweka itoe volti 3.3 (pini D1 juu, D0 chini), inafunga mlango kabisa mpaka kapasita ifike karibu volti 5.05, hapo inafungua na kulisha ubao wa Bluetooth, na kapasita ikishuka mpaka kama 3.67 inafunga tena. Wakati imefunga inatumia nanoampia 450 tu. Ina daraja lake la ndani ila sisi tuna madaraja yetu, kwa hiyo ingiza moja kwa moja kwenye VIN, pini ya kuingizia umeme. Umeme ukizidi volti 20 inajilinda yenyewe.

Kati ya 5.05 na 3.67 kapasita ya mikrofaradi 100 inatoa karibu mikrojuli 600. Hiyo ndo bajeti yako ya kila mzunguko, hakuna nyongeza. Na kujaza tena hiyo tofauti ya volti 1.38 kwa namba zangu ni mikanyago 41 au 42. Umeona? Kila mlango ukifunguka, mtu kakanyaga mara 42 mguu mmoja, yaani hatua 84 kwa miguu yote miwili.

Hatua ya sita: programu

Kabla ya yote ng'oa ile taa ndogo ya kuonyesha umeme kwenye ubao wa nRF52832 kama ipo. Taa moja inakula miliampia nzima, inamaliza bajeti kabla ya kazi.

Programu yenyewe fupi sana. Ikiamka, kitu cha kwanza iandike neno moja jipya (yaani alama moja kwenye nafasi moja ndogo) kwenye kumbukumbu ya kudumu, kisha ihesabu maneno yaliyoandikwa ni mangapi, kisha itangaze hiyo jumla kwa Bluetooth, irudie kutangaza mpaka umeme uishe. Usiilaze usingizini kwa adabu. Ikilala inakula kidogo mno, kapasita haitashuka hadi 3.67, mlango hautafungwa, na hesabu yako ya kujaa na kuisha itakufa. Ukiacha itangaze mpaka izimike, mzunguko unakamilika.

Kuandika ndo kuwe kwa kwanza, maana hujui umeme utaishia wapi. Na usifute. Kufuta ukurasa mmoja wa kumbukumbu kwenye chipu hii kunaweza kuchukua makumi ya milisekunde, bajeti haitoshi, itazimika katikati. Badala yake songa mbele tu, neno baada ya neno. Ukurasa una maneno 1,024, ukitenga kurasa 100 una maneno 102,400, zidisha kwa hatua 84 ni zaidi ya hatua milioni nane na nusu. Kwa mtu wa hatua elfu sita kwa siku ni karibu miaka minne, ukifika huko unafuta kwa kompyuta unaanza upya. Kutafuta neno la mwisho usisome yote, gawa katikati kila mara, ndani ya kusoma mara 17 umelipata.

Faida ya kurusha jumla badala ya kurusha "kakanyaga sasa hivi" ni kwamba simu ikiwa mbali hakuna kinachopotea. Mama mdogo simu anaiacha nyumbani, anazunguka mpaka Raskazone na kurudi, akifika uani simu ya zamani niliyoiacha juu ya friji inasikia matangazo mawili matatu ya mwisho na inachukua jumla mpya, inanitumia. Umeme ukikatika mtaani simu ina betri yake.

Hatua ya saba: kwa fundi viatu

Paka rangi ya kucha sehemu zote zilizolehemiwa, tabaka mbili, jasho la mguu lina chumvi na chumvi inapitisha umeme, ni uvujaji ule ule tuliokuwa tunaukimbia. Chagua raba yenye kisigino kinene, fundi achimbe shimo la kina cha milimita 7 hivi upande wa ndani ya soli, diski mbili kulia mbili kushoto, ubao ukae kwenye upinde wa mguu ambako hapakanyagwi. Mwambie asigundishe, ashone nyuzi chache tu za kufunguka. Fundi wangu wa Magomeni aliniuliza mara tatu kama nina uhakika nataka kutoboa kiatu kipya, halafu akafanya kazi safi kuliko nilivyotarajia, hata nyaya kazipitishia mfereji wake.

Hatua ya nane: kupima na kujua mipaka

Tembea mikanyago 420 iliyohesabiwa, bila kusimama, kifaa kikiwa tayari kimeshaamka mara moja. Kiamke mara kumi hivi. Kama kimeamka nane, gawanya upya, tumia namba yako na sio yangu, uzito wa mtu na mwendo wake vinabadilisha. Mpime mvaaji mwenyewe. Mimi nina kilo 80, mama mdogo hafiki 60, kwake ikawa 51 kwa kila mzunguko.

Na ujue kwamba akikaa, kapasita inapungua, ile nanoampia 450 peke yake inaimaliza volti moja ndani ya dakika nne hivi. Akikaa saa nzima imeisha yote, na kwa namba zangu mikanyago kama 150 ya mwanzo inaenda kuijaza tu bila kuhesabiwa. Kwa hiyo mizunguko ya jikoni na uani haionekani, inayoonekana ni safari ya kweli ya dakika kumi na kuendelea. Kwa shida yetu ni sawa kabisa, kliniki walitaka nusu saa mfululizo, na nusu saa yake inaonekana vizuri kila asubuhi, kama mara 26. Ila kama unataka kuhesabu kila hatua ya siku, njia hii haikufai.

Kila miezi miwili rudia kipimo cha mikanyago 420. Namba ikibadilika ghafla, diski moja imepasuka au waya umekatika, fungua nyuzi angalia, mara nyingi ni waya pale unapoingia kwenye diski.

Juzi kaniuliza kama naweza kumwekea na kwenye ndala za sokoni. Nikamwambia ndala hapana mama, soli haina kina cha pete na diski, itapasuka siku ya kwanza. Ila ana makubadhi yake ya ngozi yenye kisigino cha tabaka tatu, tabaka la katikati linaweza kutobolewa bila kuonekana nje. Nimeshanunua diski nyingine kumi.